Tupeane uzoefu: rangi iliyobaki baada ya kupaka nyumba mmeifanyia nini?

Mpangaji wa Mbagala

Wakuu, salaam. Ukimaliza kupaka chumba lazima kitabaki kidogo chini ya ndoo. Rangi ya maji kama robo lita, kopo la rangi ya mafuta ya geti liko nusu, na brashi imeshakakamaa. Vyote vinasukumwa uvunguni, na ukija kufungua unakuta rangi imeota ngozi.

Hapa kwangu mimi na mke wangu tuliamua kinachobaki kitumike humu humu ndani. Tulianza na makopo ya maziwa ya unga ya mtoto, maana yalishakuwa mengi. Ondoa karatasi, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka mafuta yaishe, anika. Matundu ya chini toboa kwa msumari KABLA ya kupaka, kwa sababu ukitoboa baadaye rangi inapasuka pembeni ya tundu na kutu inaanzia hapo hapo. Kisha pitisha msasa mpaka mng'ao uishe, halafu rangi ya mafuta mikono miwili, yaani mara mbili, myembamba. Leo kibarazani kuna mchaichai, vitunguu majani na mshubiri, na majirani wanauliza tumenunua wapi.

Sasa zamu yenu. Ulipaka nini, kwa rangi gani, na imedumu? Picha si lazima.

Kijana wa Sinza

Kopo langu liko uvunguni tangu enzi za Magufuli. Naendelea kusoma.

Fundi Mstaafu

Mpangaji umesema vizuri, ila niongezee hapo kwenye msasa. Watu wengi wanapaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, halafu wanalaumu duka kwamba wameuziwa feki. Haishiki pale. Ukikwaruza kwa ukucha inatoka yote kama ganda la yai la kuchemsha. Mafuta juu ya maji inakubali, ikishakauka vizuri. Maji juu ya mafuta, mpaka uikwaruze kwa msasa na uipake praima kwanza, ile rangi ya chini ya kushikisha.

Hujui kitu kilipakwa rangi gani? Lowesha pamba kwa spiriti, sugua sehemu iliyojificha. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye pamba, ni ya maji. Ikibaki palepale na pamba safi, ni ya mafuta.

Na hilo la ngozi: ukishafunga kopo la rangi ya mafuta barabara, lihifadhi kichwa chini. Ngozi itaota upande wa kitako cha kopo, ukiligeuza unaanza na rangi safi. Iliyokwisha kuota, itoe ngozi nzima usiikoroge, kisha chuja rangi kwa soksi ndefu ya kike ya nailoni. Ya maji ikinuka uvundo, hiyo imekufa. Usiimwage mtaroni. Changanya na mchanga au vumbi la mbao, iache ikauke, ndipo uitupe na taka.

Mwana wa Pwani

Fundi, shikamoo. Mimi niko Mombasa, na nazungumzia vyungu vya udongo vya maua, maana hapo ndipo wengi wanapovunjika moyo. Chungu kinapakwa kinapendeza, mvua za masika zikipita kinabambuka chote. Sababu yake ni kwamba udongo unakunywa maji ya mmea kwa ndani, na maji yale yanatafuta pa kutokea. Yanakutana na rangi imeziba njia, yanaisukuma.

Zipo njia mbili. Ya kwanza, mmea ukae ndani ya kopo la plastiki, kisha kopo ndilo litiwe ndani ya chungu. Ya pili ndiyo ninayoipenda: chokaa. Huku nyumba za zamani zilipakwa chokaa ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa, na kuta zile zinapumua. Chungu nacho ni hivyo hivyo. Nachukua chokaa ya unga ya dukani, naikoroga na maji na chumvi kidogo mpaka iwe nyepesi mithili ya maziwa, natia rangi ya unga ile ya kutilia sakafu, nyekundu au manjano. Chungu nakilowesha kwanza kwa maji, kisha napaka mkono mwembamba, nangoja, napaka mwingine. Ukipaka mara moja mzito utapasuka.

Usitishike ukiona rangi imekolea sana ikiwa mbichi. Ikikauka inapauka mno, kwa hivyo jaribu kwanza kwenye kigae. Na chokaa ikiingia jichoni inachoma, watoto wasiikoroge.

Mama Wawili

Dada/kaka wa Mombasa asante, vyungu vyangu vimebambuka vyote na nilikuwa sijui kwa nini.

Baba Pacha, Morogoro

Mimi nazungumzia watoto, maana Jumamosi bila shughuli nyumba inageuka uwanja wa mpira.

Kwa fundi seremala naomba vipande vya hadibodi, vile vinavyobaki akikata dari. Wakati mwingine ananipa bure. Wazo hili si langu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hizo hizo hadibodi na rangi ya mafuta, ile waliyopakia baiskeli. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, alitumia kilichokuwa dukani. Alifariki mwaka 1972, ina maana kazi yote ile ni ya miaka michache tu.

Kwa watoto mimi natumia rangi ya maji, sio ya mafuta. Tunapaka hadibodi nzima rangi moja kwanza, manjano au bluu ya mbingu, tunaanika. Ikikauka ndipo mnyama anachorwa umbo lake tupu kwa rangi moja. Ikikauka tena, vidoto na macho. Mtoto asiyengoja anachafua kila kitu, ndiyo maana tunafanya hadibodi tatu kwa zamu, moja ikikauka anahamia nyingine.

Vidoto ndipo penye raha. Tunatumia kitako cha kijiti cha mshikaki, au upande wa pili wa penseli. Ukichovya kila mara kabla ya kugusa, vidoto vyote vinakuwa sawa. Ukichovya mara moja ukagusa mfululizo bila kurudi kwenye rangi, kila kimoja kinakuwa kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka kinaishia kama punje ya mtama. Binti yangu aligundua kwamba hiyo inafaa mkia wa chui: kubwa kiunoni, ndogo nchani. Sasa kila mnyama kwake ana mkia wa chui, hata kuku.

Mzee wa Hoja

Samahani, lakini haya mambo ni ya watu wenye muda. Chungu kilichopakwa kinauzwa barabarani, nunua tu.

Mpangaji wa Mbagala

Mzee, muda ninao. Hela ya kununua chungu cha barabarani ndiyo sina. Karibu kibarazani uone mchaichai.

Shiro wa Nakuru

Hamjambo watu wa Bongo. Kwetu mimi hupaka vigoda na stuli kuukuu, zile unapata zimetupwa nyuma ya nyumba. Kuna kitu kimoja tu nataka kuwaonyesha, na ni ile mistari ya tepu.

Kila mtu anajua kubandika tepu ya karatasi ili mstari unyooke. Lakini ukitoa tepu unakuta rangi imepenya chini, mstari umekuwa na meno meno. Dawa yake: ukishabandika tepu, paka kwanza ukingo wake kwa rangi ILE ILE iliyo chini. Kama kigoda ni cheupe na unataka mstari mwekundu, pitisha nyeupe kidogo kwenye ukingo wa tepu. Ikipenya, inapenya nyeupe juu ya nyeupe, hakuna atakayeiona, na upenyo umeshazibika. Ikikauka, sasa paka nyekundu. Halafu toa tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiivuta polepole kwa kuikunja kurudi nyuma, sio kuinyanyua juu. Mstari unatoka umenyooka kabisa.

Ya pili, maua ya leso, yaani kanga. Ile picha ya eksirei ya zamani imekaa kabatini, mguu ulishapona zamani, ikate kwa wembe upate tundu lenye umbo la korosho. Hainyonyi maji, unaifuta na kuitumia tena. Rangi iwe kidogo sana kwenye sponji ya vyombo, kwanza uigonge kwenye gazeti mpaka iwe karibu kukauka, ndipo ugonge kwenye kigoda kupitia lile tundu. Usifute, gonga.

Kijana wa Sinza

Nimetoa kopo uvunguni. Lina ngozi. Natafuta soksi.

Jirani wa Kigali

Huku kwetu kuna imigongo, sanaa ya mashariki mwa Rwanda, upande wa Nyarubuye. Asili yake ni samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, inafinyangwa kwa vidole juu ya ubao kufanya matuta membamba ya mistari na pembetatu. Ikikauka inasuguliwa, kisha inapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo.

Mjini samadi haipatikani kirahisi, na mwenye nyumba hawezi kukuelewa. Mimi nachanganya vumbi la mbao lililochekechwa na gundi nyeupe ya mbao mpaka likamatane kama ugali laini. Chora mistari kwa penseli na rula, panga matuta juu yake, yaache yakauke kabisa, yaani siku kadhaa na sio saa. Pitisha msasa. Rangi ya maji iliyobaki ya ukutani inatosha, kwa kuwa zinahitajika tatu tu. Paka matuta kwanza, mabonde baadaye kwa brashi ndogo.

Mama Wawili

Swali kwa fundi. Nina mimba ya miezi mitano na nina kitanda cha mtoto cha zamani, cha mbao, kimepakwa zamani sana. Naweza kukipiga msasa mwenyewe?

Fundi Mstaafu

Mwanangu, hapana. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi (lead), na vumbi lake ni sumu kwako na kwa mtoto aliye tumboni. Hata harufu ya thina kaa nayo mbali. Afanye mtu mwingine, nje, na asisugue kikavu: aloweshe maji kwanza na kutumia msasa wa maji, vumbi lisipande hewani, na ile tope aikusanye aitupe. Halafu mtoto anang'ata kitanda, kwa hiyo ulizia rangi isiyo na risasi, isome kwenye kopo, usichukue ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Na kwa wote: msitumie petroli kuzimulia rangi au kuoshea brashi. Nimeona banda likiungua. Brashi ya rangi ya mafuta ioshwe kwa mafuta ya taa kisha sabuni. Na vyombo vya kulia msivipake kwa ndani, hata kama ni kopo zuri namna gani.

Baba Pacha, Morogoro

Fundi, friji la zamani lenye kutu mlangoni linapakika?

Fundi Mstaafu

Linapakika. Lichomoe umeme, kutu ikwangue hadi chuma kionekane, praima ya chuma, kisha rangi ya mafuta kwa rola ndogo ya sponji ili isiache michirizi ya brashi. Mpira wa mlango usiuguse, ukishika rangi mlango hautafunga. Na ile nyavu ya nyuma iache ilivyo, hapo ndipo linapotolea joto.