Kuku wanatweta mchana kutwa, mayai ganda laini: ni jua au ugonjwa wa mdondo?

Mama Chanika:
Wakuu, habari za jioni. Nafuga kuku wa mayai huku Chanika, asubuhi nawafungulia wajitafutie. Tangu joto hili la Januari lianze sielewi. Saa mbili nawakuta wamelala ubavu juani, bawa limetandazwa, mguu umenyooshwa nyuma. Mwanangu alikuja mbio akilia eti wamekufa! Ikifika saa tano wote wamejazana chini ya mwembe, midomo wazi, mabawa yameachana na mwili. Chakula hawagusi mpaka jioni. Mayai yamepungua, na mengine ukiyashika ganda linabonyea. Jirani anasema ni mdondo, niuze haraka. Niuze?

Banda la Goba:
Dada usiuze. Hao wa asubuhi wanaota jua tu, waache. Wa saa tano ndio wa kuwahurumia. Kuku hatoki jasho. Mwili wake una nyuzi kama 41, na hewa anayoipenda ni ya 18 mpaka 24. Dar sasa hivi mchana inapita 30, kwa hiyo kilichobaki ni kutweta. Akitweta sana anapoteza hewa ya ukaa, na mwili unaihitaji hiyo kujenga ganda. Ndiyo maana hata umjazie chokaa ya mifugo, ganda bado laini. Na chakula hali, sasa yai litoke wapi?

Mdondo utaujua jua likizama. Kama usiku bado anahema kwa shida, kinyesi cha kijani, shingo inapinda, ita mtaalamu wa mifugo. Akitulia na kugombania chakula jioni, hilo ni joto.

Lisha alfajiri na jioni. Chokaa weka jioni, ganda linajengwa zaidi usiku.

Mgogo Halisi:
Mbona rahisi, mie nawamwagia maji bandani wanapoa. Niko Dodoma.

Banda la Goba:
Mkuu, Dodoma hewa kavu, maji yanakauka na kuondoka na joto. Huku kwetu hewa yenyewe imelowa. Mwaga maji kwenye banda la bati saa saba uone, unawapika kwa mvuke. Dada, wewe lowesha udongo chini ya mwembe, wasimame kwenye ubichi, inatosha.

Mama Chanika:
Asante kaka. Maji ya kunywa nachota kwenye simtanki, lile jeusi, liko juani.

Banda la Goba:
Ahaa! Tia mkono saa nane uone kama wewe ungeyanywa. Chota alfajiri, weka kwenye chungu kivulini, badilisha mchana. Pia simamisha vibanda vya makuti hapo uwanjani. Saa sita kuku hakatizi uwanja mweupe, anaogopa jua na mwewe pia.

Mama Chanika:
Kumbe ndiyo maana mayai nayaokota nyuma ya simtanki!

Banda la Goba:
Pana kivuli na giza hapo. Sogeza viota huko huko, usishindane nao.