Tupeane uzoefu: Umewahi kuwa mgeni kwenye lokishi za Wazulu? Ulikaaje na watu?

Mtembezi wa Pangani

Wakuu, salaam. Mwezi ujao nashuka Durban kikazi, na kazi ikiisha nina wikiendi yangu mwenyewe. Jamaa niliyesoma naye chuo amenikaribisha kwao KwaMashu, kaskazini ya mji, na mama yake ameshaambiwa kuna mgeni anakuja. Nimesoma kidogo kuhusu mahali penyewe. Serikali ya ubaguzi ilianza kuwahamishia watu huko mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipobomoa makazi yao ya Cato Manor karibu na katikati ya mji. Jina linatokana na Marshall Campbell, tajiri wa mashamba ya miwa. Yaani unavunjiwa nyumba, kisha unapelekwa mtaa wenye jina la bwana shamba!

Basi nisingependa kuingia huko kama mtu wa kuchungulia maisha ya wenzangu. Waliowahi kulala, kula au kuhudhuria shughuli kwenye lokishi, kama wenyewe wanavyoita mitaa hii waliyotengewa Waafrika enzi za ubaguzi, naomba stori: mlisalimiaje, mlibeba nini, picha mlifanyaje? Orodha za "mambo kumi ya kuzingatia" ninazo tele. Nataka yaliyowakuta.

Mama Zawadi

Mimi nimekaa Umlazi, kusini ya Durban, nyumbani kwa mama wa rafiki yangu. Nilialikwa kwenye umemulo wa binti yao. Ni shughuli ya wazazi kumshukuru binti kwa kujitunza mpaka amekuwa mtu mzima, na siku hizi wengi huwafanyia mabinti wakifika miaka 21 au zaidi. Nyumba yenyewe ni zile za vyumba vinne zilizojengwa na serikali ya zamani, zote sura moja, ila kila familia imeongeza chumba chake, ukuta wake na geti lake. Uani walifunga hema, na pembeni ya hema zizi la muda la ng'ombe.

Nianze na mlango. Pale mtu hasukumi geti na kuingia. Unasimama nje unaita "Nqo, nqo!" mpaka uitikiwe, sawasawa na hodi yetu. Ukishaingia, kaa. Mimi nilisimama sebuleni nikingoja kuonyeshwa kiti, kama tulivyolelewa, na rafiki yangu akanivuta kanga taratibu nikae. Kwao mdogo kubaki amesimama huku bibi kakaa ni kumpita kimo, haipendezi. Nilikaa mkekani na wasichana wengine na hakuna aliyeona nimedharauliwa.

Sasa siku yenyewe. Ng'ombe alichinjwa, na ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, mweupe kama lesi, wakamvisha binti mabegani. Wanauita umhlwehlwe. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mafuta yakimng'aria shingoni kwa jua. Shangazi zake walikuwa wanauweka kwa uangalifu mno usichanike, maana ukichanika maneno hayakosekani. Binti akatoka na mkuki mkononi, wenzake nyuma yake wanaimba, akikimbia na kuuchomeka mkuki ardhini mbele ya mtu. Ukichomekewa, umeitwa: unainuka, unatoa noti na kuibana kwa pini kwenye kofia yake. Sisi tuliozoea kutunza kwenye harusi na ngoma hapo hatuhitaji mwalimu. Ilipofika zamu yangu nikatunza kwa vigelegele, wale mama wakaitikia kwa vya kwao, na kuanzia hapo nikawa wa nyumbani.

Kitu kimoja tu: mwanamke mgeni haingii ovyo zizini. Pale ndipo familia inapoongea na wazee wao waliotangulia. Nilikaa upande wangu na kamera ikabaki mfukoni.

Bin Saidi

Mama Zawadi umesimulia vizuri. Swali la upande wetu sisi Waislamu: nyama ya shughuli kama hiyo unafanyaje bila kuwakera wenyeji?

Mama Zawadi

Bin Saidi, niliwaambia mapema, kabla hata ya kusafiri. Durban ina Waislamu wengi wa asili ya Kihindi, kwa hiyo neno halali si geni kwa mtu. Tatizo ni kusubiri mpaka sinia liko mbele yako ndipo uanze kukataa. Mimi ni Mkristo nilikula, lakini kulikuwa na dada mmoja wa Kisomali, jirani yao mwenye duka, alipakuliwa ujeqe (ule mkate wa mvuke), maharage na maziwa mgando pembeni na hakuna aliyemuuliza mara mbili. Maziwa mgando wanayaita amasi, wanakula na uphuthu, ugali mkavu wa kuchambuka chambuka. Ukiwa umekulia kwa wafugaji utafurahi.

Nyama nayo ina migawo yake. Kichwa cha ng'ombe ni cha wanaume. Usijipakulie, subiri upakuliwe.

Fundi Kanju

Kwenye pombe je? Nasikia kibuyu hakikwepeki.

Mzee wa Ziwani

Si kibuyu, ni ukhamba, chungu cheusi cha duara. Nimewahi kukaa nao kwenye mazungumzo ya posa, Inanda, lokishi nyingine ya kaskazini ya Durban. Wazee walivua kofia kabla ya kunywa, na hakuna anayekunywa amesimama, watu wanakaa au wanachuchumaa. Mwenye nyumba anaonja kwanza, ujue hakuna ubaya ndani, kisha chungu kinazunguka. Mimi sinywi. Kilipofika kwangu nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikampa jirani yangu. Mzee mmoja akacheka akasema kitu sikukielewa, wote wakacheka, maisha yakaendelea.

Nikikazia hapohapo: kitu chochote unapokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kigasha, au mikono yote miwili. Hata chenji dukani. Ni jambo dogo ambalo wageni wengi hawaligundui, na wazee wanaliona mara moja.

Salamu: mtu mzima mpe "Sanibonani", ya wengi, hata akiwa peke yake. Ukijua jina la ukoo wake, uliza pia jina la sifa la ukoo huo. Mzee wa ukoo wa Mkhize ukimwita "Khabazela", au Khumalo ukamwita "Mntungwa", uso unabadilika palepale. Mke wa nyumba huwa anaitwa kwa ukoo wa baba yake, MaDlamini, MaNgcobo na kadhalika, kwa hiyo mtoto wa ukoo fulani mama yake si lazima awe na jina hilo. Muulize rafiki yako kabla hujafika.

Chausiku255

Kwenye picha nina la kwangu. Nilipanda basi dogo la watalii kutoka ufukweni, bei ya mjini kabisa. Tukafika mahali, dereva anapunguza mwendo, watu wanatoa simu dirishani na kupiga picha mama anayeanika nguo. Yule mama akageuka, akatuangalia, akaendelea kuanika. Niliomba kushushwa kwenye maduka ya Bridge City nikarudi mjini kivyangu. Sijui wenzangu walinunua hata soda mle ndani, maana chakula cha mchana kilikuwa kimefungashwa toka hotelini.

Kipanga Mweupe

Ndiyo maana mimi naona hizi ziara zisiwepo kabisa. Umaskini wa mtu si maonyesho.

Wanjala wa Kitale

Kipanga, nakuelewa, lakini si lokishi yote ni umaskini, na si ziara zote ni zile za dirishani. Mimi nilitumia mwongozaji aliyezaliwa Inanda. Afrika Kusini mwongozaji lazima awe amesajiliwa kisheria na awe na beji, mwombe uione. Huyu wetu tulitembea naye kwa miguu, na kila tuliposimama alianza yeye kusalimia kisha akatutambulisha.

Inanda imebeba historia ya bara zima, watu wanaipita wakienda ufukweni! Gandhi alianzisha makazi yake ya Phoenix hapo mwaka 1904. Nyumba yake ilichomwa katika ghasia za 1985, ikajengwa upya baadaye. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Ohlange, shule aliyoianzisha John Dube, mwalimu na mhariri aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa chama kilichozaliwa 1912 na leo kinaitwa ANC. Mandela alichagua kwenda kupiga kura yake ya kwanza hapo Ohlange Aprili 1994, na siku hiyo alifika pia kaburini kwa Dube. Upande mwingine kuna Inanda Seminary, shule ya wasichana ya tangu 1869. Mwongozaji wetu shangazi yake alisoma pale, na alivyokuwa anaitaja ungedhani ni Alliance au Makerere.

Tulinunua amagwinya kwa mama mmoja nje ya geti, ni maandazi makubwa yasiyo na iliki, moto kutoka karaini. Tukakaa kwenye kreti za soda tukala na watoto wa shule. Hapo ndipo nilipopata stori nyingi kuliko kwenye majengo.

Chausiku255

Mlipita kwa Washembe?

Wanjala wa Kitale

Tulipita, Jumamosi, maana ndiyo Sabato yao. Hilo kanisa lilianzishwa na Isaiah Shembe mwanzoni mwa karne iliyopita, na linachanganya Biblia na mila ya Kizulu wazi wazi. Wanasali uwanjani chini ya miti, wote kanzu nyeupe, na eneo limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Ukivuka yale mawe, viatu unavua. Kina dada sketi ndefu na kitambaa kichwani, suruali hapana. Mwenzetu mmoja alikuwa na jinzi, akavua kikoi chake begani akajifunga kiunoni, wakamruhusu kwa tabasamu. Simu tuliambiwa tuzime tukazima. Wale watu wanaweza kucheza ngoma ya ibada saa nzima kwa mwendo wa taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, na baba wa miaka sabini hatoi hata jasho.

Papa Kivu

Jambo zenu. Mimi ni wa Bukavu, naishi Durban miaka mingi, nakata nywele. Mmesema mazuri na ni ya kweli. Niongeze upande mwingine ili ndugu asiende kipofu.

Kuna watu huku wanaowachukia wageni Waafrika. 2008 tulishambuliwa, 2015 mashambulizi yalianzia hapahapa Durban, wenzetu walilala kwenye mahema. Neno lao la kututukana utalisikia, kwerekwere. Mwaka huo wa 2015 jirani yangu mmoja, gogo (yaani bibi) wa Kizulu, alinifungia saluni kwa kufuli lake mwenyewe na kuketi mlangoni na kiti chake. Vijana walipopita akawauliza wao ni wa nani. Hawakujibu, wakaondoka. Na mwingine, niliyemnyoa bure kila mwezi, ndiye aliyewaonyesha wapi tunakaa. Basi usiseme "Wazulu wako hivi" wala vile.

Kwa vitendo: ingia na mwenyeji, mchana, na jirani wa kushoto na kulia wajue wewe ni mgeni wa nyumba ipi. Jifunze salamu, anza nayo kabla ya Kiingereza. Usishindane siasa za kazi na wageni, hata ukichokozwa kwenye shisanyama, zile sehemu za nyama choma, na watu wameshalewa. Simu usiitembeze mkononi. Pasipoti iache nyumbani kwa mama, tembea na nakala.

Mtembezi wa Pangani

Papa Kivu, ahsante sana, hili hakuna aliyekuwa ameniambia. Zawadi sasa: nilifikiria kumpa mama bahasha ya pesa.

Mama Zawadi

Bahasha mpe rafiki yako faraghani akusaidie kuitoa, ukitaka. Lakini mkononi ingia na vitu vya jikoni: sukari, chai, mchele, mafuta, biskuti za wageni. Mimi niliongeza doti ya kanga. Gogo aliigawa palepale, kimoja kiunoni, kingine akakikunja akakiweka kabatini, akasema ni cha kanisani. Watoto wa mtaani usiwagawie pipi wala sarafu barabarani. Kama unataka kuwapa kitu, mpe mama mwenyeji, yeye anajua nani apewe.

Bin Saidi

Na ukipata nafasi pita Chatsworth, mtaa wa Durban wenye watu wengi wa asili ya Kihindi. Kuna jamaa wanaitwa Wazanzibari mpaka leo, uzao wa watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza na kuletwa Durban kutoka Zanzibar kuanzia 1873, wengi Wamakua. Walikuwa wanakaa Bluff karibu na bahari, nao wakahamishwa na sheria zilezile za ubaguzi. Si Wazulu, lakini ni ndugu zetu.

Mtembezi wa Pangani

Hii sikuwahi kuisikia! Nitauliza. Swali la mwisho, daladala zao zikoje? Jamaa anasema tutatoka mjini na "teksi".

Wanjala wa Kitale

Teksi ni hiace, matatu kabisa, na muziki wa gqom unaokutoa roho. Nauli inapita mkono kwa mkono kutoka nyuma hadi mbele, kwa hiyo usikae kiti cha mbele kama hesabu za chenji zinakutatiza. Jioni zinakuwa na foleni ndefu, ondokeni mjini kabla ya saa kumi.

Papa Kivu

Na Jumamosi asubuhi jihadharini, ni siku ya mazishi, barabara za KwaMashu zinajaa. Mkipishana na msafara, teksi itapunguza mwendo na redio itazimwa. Vua kofia na wewe.