Tupeane uzoefu: Msanii wa kazi alipoingia darasani kufundisha watoto wa msingi

Wakuu, habari za muda huu. Nafundisha darasa la nne. Muhula ujao shule yetu inamleta mchoraji anayekula kwa brashi yake, akae na watoto wiki 6. Nafurahi, ila nina wasiwasi: fundi wa kazi si lazima awe fundi wa watoto. Kule Reggio Emilia, Italia, chekechea za manispaa zina msanii wa kudumu mwenye karakana yake tangu miaka ya 1960, lakini huyo hafungashi wiki ya 6. Mliopitia haya, ilikuwaje?

Mfinyanzi:
Mwenzenu siku ya kwanza niliboronga. Nusu saa nzima naeleza aina za udongo, mtoto mmoja akasinzia kichwa kikiwa juu ya donge lake. Kipindi cha pili sikusema kitu. Nilikaa chini nikaanza: kidole gumba katikati ya donge, bana, zungusha, bana. Wakajisogeza wenyewe.

Kosa kubwa lilikuja baadaye. Vyombo vilitakiwa viwe tayari siku ya wazazi, nikavichoma kabla ya wakati. Kwa macho vilikuwa vikavu, ila ukiweka kimoja shavuni unasikia ubaridi, maana yake kina maji bado. Tanurini maji yakageuka mvuke, 11 kati ya 34 vikapasuka. Nilitamani kuvificha. Nikavimwaga mezani vilivyo, tukachambua vipande: vilivyopasuka karibu vyote ni vile vinene. Waliligundua wao, si mimi. Mtoto aliyekuwa amefinyanga tembo alipekua rundo mpaka akapata sikio, akaenda nalo nyumbani.

Mama wa wawili:
Wangu aliambiwa achore bila kufuta na bila kutazama karatasi, macho yawe kwa anayechorwa tu. Jioni akanikalisha kama gogo dakika 20. Pua imetokea shingoni! Picha nimeibandika ukutani.

Mwalimu mstaafu:
Mleta mada, usitoke darasani. Kwetu walimu tulidhani mgeni akija ndiyo mapumziko, tukamwachia mpiga ngoma watoto 45 na ngoma 8. Alitoka amekauka sauti. Safari ya pili nilibaki ndani, nikawagawa: wengine ngomani, wengine viganja mapajani, wanapokezana. Mimi nawajua wanaochokozana, yeye anajua mdundo. Sisemi ngoma inafundisha hesabu, hayo ni maneno ya kuombea fedha tu. Inafundisha ngoma, na inatosha.

Mchongaji:
Na mumlipe, jamani. Nimechoka kuambiwa "utajitangaza". Watoto wa miaka 8 wataninunulia kinyago lini?

Mleta mada:
Malipo yapo mkuu, nimeshauliza. Mwalimu, nimekuelewa, nabaki ndani. Mfinyanzi, tukitaka na udongo kidogo, tuuache siku ngapi kabla ya kuchoma?

Mfinyanzi:
Inategemea unene na hewa ya hapo. Unene wa kidole, mimi siku hizi sigusi kabla ya wiki. Halafu shavu.