Rangi zinahama kwenye ofseti ya rangi moja: niagize lei mpya ya pembeni au kuna cha kukagua kwanza?

ChapaMoshi

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, hasa kwa mliokaa na mashine za ofseti miaka mingi.

Nina sehemu ndogo ya uchapaji hapa Moshi mjini. Mashine ni ofseti ya rangi moja, ya mtumba, inapokea karatasi hadi sentimita 36 kwa 52. Kazi za rangi moja haina shida nazo: risiti, fomu za shule, kadi za michango, zote zinatoka safi. Tatizo linaanza kwenye rangi mbili. Karatasi zinapita mara ya kwanza, zinakauka, tunaosha rola, tunabadili pleti (bamba lenye picha ya kuchapwa) na wino, kisha karatasi zilezile zinapita tena. Pasi ya pili ndiyo inayohama.

Sasa hivi nina lebo za mifuko ya kahawa za mteja wa Kibosho, karatasi ya kung'aa ya gramu 130. Kahawia inatangulia, kijani inafuata, na kati yake mchoraji ameacha mstari mweupe mwembamba. Huo mstari ndio unaoniumbua. Kwenye karatasi moja umekaa sawasawa, kwenye inayofuata umemezwa kushoto na kunenepa kulia. Kijani inasogea karibu milimita nzima. Juu na chini haina neno, ni kushoto na kulia tu, na haina mpangilio wowote.

Fundi aliyekuja aliangalia dakika chache, akasema lei ya pembeni, yaani kifaa kinachoiweka karatasi mahali pake kushoto na kulia, imekufa, niagize nzima. Bei aliyoitaja inazidi kodi ya fremu yangu ya nusu mwaka. Mteja anataka mzigo kabla ya mwezi kuisha, na sitaki kumpa lebo za hovyo. Kahawa yake ni nzuri, inastahili mfuko mzuri.

Niagize, au kuna vitu vya kukagua kwanza?

Dijitali_Tu

Mkuu, uza hicho chuma uchukue mashine ya dijitali. Rangi zote pasi moja, mambo ya lei unayasahau.

OfsetiSakina

Ndugu yangu wa dijitali, kwa nakala mia mbili uko sahihi. Lebo elfu ishirini kwa dijitali mteja wa kahawa atatozwa bei gani? Tumsaidie mtu na alichonacho.

ChapaMoshi, pole. Neno lako la maana kuliko yote ni hilo la kukosa mpangilio. Karatasi zote zingehama kiasi kilekile kwa upande uleule, ningekwambia usogeze pleti, au usogeze lei kwa skrubu yake ya kurekebishia, uendelee na kazi. Zikihama kwa kubahatisha, maana yake karatasi hazifiki mahali pamoja kabla gripa, vile vibano vinavyozivuta ndani ya mashine, hazijazikamata. Na kwa kuwa ni kushoto na kulia peke yake, gripa na lei za mbele naziweka kando kwa sasa. Gripa iliyolegea huwa inaachia picha irudi nyuma, au kona moja inavutika kuliko nyingine. Ungeliona hilo juu na chini.

Nijibu haya. Unatumia lei ya upande gani, na ile ya upande wa pili umeizima kabisa? Zikifanya kazi zote mbili karatasi inagombaniwa na haitulii kamwe. Pasi ya pili, ni ukingo uleule wa karatasi unaogusa lei kama pasi ya kwanza? Na kabla ya lebo ulikuwa unachapa nini, karatasi nyepesi au kadi?

ChapaMoshi

Asante kaka. Natumia ya upande wa mwendeshaji, ya pili imezimwa, nimeihakikisha sasa hivi. Ukingo ni uleule, huwa tunautia alama ya kalamu kwenye lundo. Kabla ya lebo tulichapa kadi za harusi, gramu 300.

Mzee wa Herufi

Hujambo kijana. Usinunue kitu bado.

Mimi nilianza na herufi za risasi, mashine ya kukanyaga kwa mguu. Huko hakukuwa na lei za kuvuta. Tulichomeka pini kwenye karatasi ya kifuniko cha bamba, mbili chini na moja kushoto, na mkono wako ndio uliosukuma karatasi hadi iguse zote. Mashine yako inafanya jambo lilelile: lei mbili za mbele na moja ya pembeni. Pointi mbili zinanyoosha ukingo wa mbele, ya tatu inazuia karatasi isiteleze kando. Karatasi ikizigusa zote tatu, haina pa kwenda tena, kama kabati lililosukumwa hadi kwenye kona ya ukuta. Ikikosa moja tu, kila pasi itakuwa na mahali pake.

Sasa piga magoti pembeni ya meza ya fida, pale karatasi zinapolishwa kwenye mashine, uzungushe mashine kwa mkono pole pole, uitazame lei ikifanya kazi. Utaona kigurudumu kidogo juu, chuma kinachotembea chini yake, na ukuta mfupi wa kusimamishia. Karatasi ikishatulia kwenye lei za mbele, kigurudumu kinashuka, kinaibana juu ya kile chuma, na chuma kinaivuta kwenda pembeni hadi ukingo uguse ukuta. Ikishagusa, chuma kinaendelea kidogo na karatasi inatakiwa iteleze, isilazimishwe. Nguvu ya kubana inatoka kwenye springi. Springi ikilegea mno, karatasi haifiki ukutani. Ikikazwa mno, karatasi nyepesi inafika kwa nguvu, inajikunja ukingoni, na kigurudumu kikinyanyuka inaruka kurudi. Ulikuwa na kadi za gramu 300, ukaja gramu 130. Angalia hiyo springi kabla ya kingine chochote.

Pili, kigurudumu chenyewe. Unga wa sprei, ule unaopulizwa karatasi zisishikane, na vumbi la karatasi vikichanganyika na wino vinakijengea gamba linalong'aa. Gamba hilo linateleza. Kifute kwa kitambaa chenye dawa ya kuoshea wino, ukikizungusha kwa kidole. Kisipozunguka kwa wepesi, kitoe ukisafishe na ekseli yake.

Tatu, umbali wa kuvutwa. Wengi wanalipuuza hili. Lundo kwenye fida likae mahali ambapo kila karatasi inashuka ikiwa kama milimita 5 kutoka ukutani. Ikishuka imeshaugusa ukuta, itaugonga njiani na kusimama imepinda. Ikiwa mbali mno, lei haiwezi kuifikisha. Na lundo lenyewe likiwa limepangwa hovyo, karatasi moja ndani moja nje, unaipa lei kazi ambayo haikuumbiwa. Kwa mwendo wa 6,000 kwa saa, kila karatasi ina sekunde 0.6 kwa mzunguko mzima wa mashine, na kuvutwa pembeni kunapata kipande tu cha muda huo.

Mama Rimu

Shikamoo mzee. Naongezea la karatasi, maana nimekaa na gilotini, mashine ya kukatia karatasi, miaka mingi na najua lawama za karatasi huwa zinaishia kwa mtu wa mashine.

Kaka, karatasi yako umeinunua ikiwa kubwa ukaikata mwenyewe? Kama ndiyo, usichanganye nusu za kushoto na nusu za kulia kwenye lundo moja. Kisu kikiwa na kasoro ndogo, nusu hizo hazifanani pembe. Kagua hivi: chukua rundo dogo, gawanya mara mbili, pindua nusu moja uso chini, ziweke pamoja ukizilinganisha ukingo wa mbele. Kama pembe si mraba, utaona ngazi pembeni. Na ukishapitisha rangi ya kwanza usikate ukingo wowote hadi rangi zote ziishe. Nimeona watu wakipunguza karatasi kidogo zikae vizuri kwenye fida, hapo umeshaufuta ukingo uliokuwa shahidi wako.

Halafu hewa. Karatasi inataka chumba chenye unyevu wa asilimia 50 hadi 55 hivi. Masika huku kwetu, Machi hadi Mei, rimu ikifunguliwa na kuachwa wazi usiku mmoja, kingo zinavuta maji na kuanza kufanya mawimbi, na ukingo wenye mawimbi hauwezi kugusa ukuta wa lei sawasawa. Kati ya pasi na pasi funika lundo kwa nailoni. Ila kuhama kwa unyevu kuna sura yake: karatasi inatanuka, kwa hiyo mkiani, yaani ukingo wa nyuma, picha inahama kushoto kwa upande wa kushoto na kulia kwa upande wa kulia. Yako ikihama yote kwa pamoja kwenda upande mmoja, si unyevu.

ChapaMoshi

Shikamoo mzee, na asante sana dada. Inahama yote kwa pamoja. Nimepima ncha zote mbili za karatasi, kipimo ni kimoja.

Mzee, nitajuaje kwa hakika kwamba ni lei na si kitu kingine? Nisije nikasafisha, nikadhani nimepona, halafu lundo zima liharibike.

Mzee wa Herufi

Marahaba. Fanya majaribio mawili, kwa karatasi zilizoharibika, usitumie mpya.

La kwanza: chapa karatasi kiasi, kisha zirudishe fida palepale zipite tena kwa pleti ileile, bila kugusa skrubu yoyote. Mistari yote inatakiwa ilaliane. Ukiona mstari umekuwa miwili, tatizo ni mashine, kwa sababu karatasi haijapata muda wa kubadilika. Zikilaliana vizuri, mfuate Mama Rimu, ugonjwa uko kwenye kinachotokea kati ya pasi na pasi.

La pili: kwenye pleti, upande wa lei, weka mstari mfupi wa mshazari unaovuka ukingo wa karatasi. Chapa, panga lundo ligonge sawasawa, kisha litazame kwa ubavuni. Kwa kuwa mstari umelala mshazari, karatasi iliyohama pembeni itaonyesha nukta yake imepanda au imeshuka ukingoni. Lei nzuri inakupa nguzo moja ya wino iliyonyooka kutoka chini hadi juu ya lundo. Lei mbovu inakupa nguzo yenye meno. Alama hiyo iache kwenye kila kazi ya rangi nyingi, uwe unachungulia ubavu wa lundo badala ya kufunua karatasi moja moja.

OfsetiSakina

Hilo la mshazari mzee umenipa na mimi. ChapaMoshi, jaribu pia kwa mwendo mdogo na mwendo mkubwa. Ikihama kwenye mwendo mkubwa tu, karatasi inafika ikiwa na kasi na kuruka. Hapo angalia vigurudumu vya brashi juu ya meza: viguse mkia wa karatasi kwa wepesi inapofika lei za mbele, visiisukume. Vya mpira viwe vimeshauachia mkia, la sivyo vinaishikilia karatasi wakati lei inaivuta.

ChapaMoshi

Wakuu, nimerudi na majibu.

Jaribio la kwanza: mistari miwili, wazi kabisa. Kwa hiyo mashine. Springi ilikuwa bado imekazwa kwa kipimo cha kadi. Kigurudumu kilikuwa na gamba jeusi linalong'aa kama mzee alivyosema, na upande mmoja hakikuzunguka hadi nilipokitoa na kusafisha ekseli. Lundo lilikuwa linashusha karatasi karibu kabisa na ukuta, nimelisogeza. Kigurudumu kimoja cha mpira kilikuwa kinakanyaga mkia, nimekirudisha nyuma.

Nimerudia. Nguzo ya wino sasa imenyooka sehemu kubwa ya lundo, mstari mweupe wa lebo umekaa. Ila kila baada ya muda kuna jino moja linatoka nje, na likitoka ni kwa kiasi kilekile, chini ya nusu milimita. Nimemulika tochi kwenye ukuta wa lei nikaona kamfereji kembamba mahali karatasi zinapogonga. Ukipitisha kucha inakwama. Picha nimeambatanisha.

Mzee wa Herufi

Nimeiona. Huo mfereji umechimbwa na kingo za karatasi kwa miaka. Karatasi nyingi zinaugusa uso wa ukuta, moja moja inazama mferejini, ndiyo maana jino lako lina kipimo kimoja. Fundi wako hakukosea kwamba lei imechoka, lakini kilichochoka ni kipande kimoja cha chuma. Huhitaji lei nzima.

Kifungue, mpelekee mtu wa kusaga chuma, SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapo Moshi waulize kwanza, au Arusha kule Unga Limited. Mwambie asawazishe uso tu, atoe kidogo iwezekanavyo, asikiguse kwa jiwe la mkono maana ataacha kilima. Ukikirudisha, uso wake uwe pembe mraba na lei za mbele, hakiki kwa skwea, kisha urekebishe kwa skrubu kile kilichosagwa.

ChapaMoshi

Asante mzee wangu. Lebo je, nisubiri?

Mzee wa Herufi

Kama nusu milimita inaumeza ule mstari mweupe, subiri. Kama mstari unabaki, chapa kwa 4,000 kwa saa, simama ubavuni mwa lundo na tochi, na kila unapoona jino chomeka kipande cha karatasi pale ulitoe mwishoni. Zitakazotoka zipeleke kwenye majaribio.

Mama Rimu

Na ukiziacha zikauke, kaka, usisahau nailoni.