Mgahawa mdogo wa Kilebanoni: watu sita tuagize nini?

BintMatrah
Assalaam alaykum jamaa. Hapa Maskati pana mgahawa wa Kilebanoni wa meza saba tu, baba yuko kwenye mkaa, mama na binti jikoni. Ijumaa mchana napeleka wageni kutoka Unguja: watu wazima wanne, mmoja wao mjamzito, na watoto wawili. Menyu ndefu, nusu yake majina matupu. Tuagize nini, kiasi gani, na kipi tuepuke? Halafu nimeona mabiringani ya namna mbili, mtabbal na baba ghanuj. Tofauti yake nini?

MkaaMwekundu
Waalaykum salaam dada. La kwanza, msiagize vyote kwa mpigo. Jiko la watu watatu likipokea sahani kumi pamoja, vya kukaanga vitapoa vikisubiri vya mkaa, na meza yenyewe haitatosha. Agizeni kwa awamu tatu.

Anzeni na baridi nne: hummus (dengu zilizosagwa na tahini), mtabbal, tabbuleh (saladi ya majani) na fattush (saladi yenye vipande vya mkate mkavu). Zikifika nusu, itisheni za moto tatu: kibbeh za kukaanga (madonge ya nyama iliyopondwa na ngano), fatayer za mchicha (vimkate vilivyojazwa mchicha) na batata harra, yaani mbatata za kukaanga zenye thomu, kotmiri na pilipili. Sambusa zao wanaziita sambusek, watoto hawatazikataa. Mwisho nyama za mkaa za watu watatu, si sita, kwa sababu mkate na meze, yaani hizo sahani ndogo za mwanzo, vimeshajaza tumbo. Kwa watoto chukueni shish tawuk, kuku aliyelazwa kwenye mtindi, ndimu na thomu, halina ukali.

Mkate mwembamba hukauka upesi ukikaa wazi. Ombeni vipande vichache kila mara, na uliobaki ufunikeni kwa kitambaa.

Mabiringani: yote mawili huchomwa motoni mpaka ganda liwe jeusi na ndani pawe laini kabisa. Mtabbal hutiwa tahini, ule ufuta uliosagwa. Baba ghanuj ya Lebanoni kwa kawaida haina tahini, ina nyanya, kitunguu, pilipili boga na komamanga. Nchi nyingine majina haya hubadilishana, kwa hiyo ulizeni kabla.

Mjamzito asiguse kibbeh nayyeh. *Nayyeh* maana yake mbichi: ni nyama isiyopikwa, imepondwa na ngano. Kwenye menyu huandikwa karibu na kibbeh za kawaida, basi tamkeni wazi kwamba mnataka za kukaanga.

NanaaMbichi
Nyongeza kwa mkuu hapo juu. Ukitaka kulijua jiko, itazame tabbuleh kabla hujaionja. Ni saladi ya majani, wala si ya ngano. Kwa mafungu mawili makubwa ya bakdunisi (jani linalofanana na kotmiri) burghul laini (ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupondwa) haizidi vijiko vitatu vya chakula. Majani huoshwa, hukaushwa mpaka yasibaki na tone, kisha hukatwa kwa kisu kikali, mara moja, bila kurudiarudia. Anayetumia blenda huyaponda, maji yanatoka na rangi inageuka kijani cheusi.

Inamisha sahani kidogo. Mchuzi mwembamba wa ndimu, nyanya na mafuta ya zeituni ni sawa. Ukiona dimbwi la maji ya kijani, majani yamepondwa, yalikuwa mabichi kwa maji, au chumvi ilitiwa mapema mno. Chumvi na ndimu hutiwa karibu na kupeleka mezani.

Kingine ni thomu. Jina ni lilelile la kitunguu thomu chetu, ila kwao ni mchuzi mweupe mzito wa kulia kuku. Hakuna mayai wala maziwa kwenye ule wa asili: kikombe 1 cha thomu zilizomenywa, chumvi, ndimu, na vikombe 3 hivi vya mafuta yasiyo na harufu, yakidondoshwa polepole sana huku mashine inazunguka. Mafuta yakiingia kwa haraka, mchuzi unakatika na kuwa majimaji. Mafuta ya zeituni hayafai hapa, yakisagwa sana hutoa uchungu.

BintMatrah
Allah awalipe. Na hummus ya nyumbani mbona inabaki na chengachenga? Natumia dengu kavu, zile nzima za mviringo (chickpeas).

UfutaMweupe
Bibie, chenga hizo zinatoka kwenye kuchemsha, si kwenye kusaga. Dengu gramu 250, loweka usiku kucha katika maji mengi, mwaga maji. Chemsha kwa maji mapya na nusu kijiko cha chai cha bekin soda. Soda hulegeza maganda, ila ikizidi hummus ina ladha ya sabuni. Maji magumu yenye chokaa huzuia dengu kulainika, na dengu za zamani hukaa motoni muda mrefu zaidi. Engua povu na maganda yanayoelea.

Zimeiva pale ukibana moja kwa vidole viwili inakuwa uji, haibakishi punje katikati. Ikikupinga hata kidogo, rudisha motoni. Saga zikiwa bado vuguvugu mpaka zilainike, ndipo utie tahini gramu 150 hadi 200, ndimu, punje 1 au 2 za thomu na chumvi, umalizie na maji ya barafu kijiko kimoja kimoja. Itabadilika iwe nyeupe na nyepesi mbele ya macho yako. Ndimu isiingie kwenye sufuria ya kuchemshia, hukaza ganda.

MkaaMwekundu
Nilisahau jambo muhimu kuliko yote kwa mgahawa wa familia: ulizeni chakula cha siku, *tabkha*. Mara nyingi hakimo kwenye menyu, ni kile mama anachopikia na wanawe. Huweza kuwa bamia kwa nyama, maharage, au mlukhiyyeh. Hii ya mwisho ni mlenda wetu, lakini Walebanoni huacha majani mazima au makubwa, hukaanga thomu na kotmiri, hupika na kuku, na ndimu hupunguza ule utelezi. Huliwa na wali, juu yake vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki. Wageni wa Unguja watakaa nacho kuliko nyama zote za mkaa.

Sufuria ni moja na ikiisha imeisha, kwa hiyo piga simu asubuhi uwaambie wakuwekee sahani mbili.