Finchi weupe wanataga kila siku ila hakuna kinachoanguliwa, nisaidieni wakuu

tabata_boy: Wakuu habari za jioni. Nina finchi wawili, wale ndege wadogo wa kufuga tunduni aina ya zebra, ila weupe pee, hawana mashavu ya rangi wala mistari kifuani, muuzaji aliniambia ni dume na jike. Wanapendana balaa, wanalala wamebanana ndani ya kifuu cha nazi nilichowatobolea mlango, wanachokoana manyoya ya shingoni, wanalalia kwa zamu, lakini zinapita wiki mbili hadi tatu hola, nikipasua yai ni ute na kiini tu. Saa hizi kifuu kina mayai tisa na mmoja bado anaingia na makumbi mdomoni. Nawapa uwele na ulezi. Nyumbani wanasema ni joto la Dar, eti niwajengee banda la waya uwani niongeze na wengine. Nifanyeje?

mzee_wa_matundu: Joto toa kwenye hesabu, hawa asili yao Australia kwenye nyika kavu, joto wanalijua. Mimi nimeshtuka hapo kwenye tisa. Jike mmoja kwa kawaida anataga manne mpaka sita, tena moja kwa siku. Yako yaliongezekaje? Na nani kati yao anaimba?

tabata_boy: Sasa umenikumbusha mkuu, jioni yalikuwa matano kesho yake nikakuta saba nikajua nimehesabu vibaya. Kuimba sijasikia, wote wanalia tu mip mip kama mdoli wa mpira ukiubinya.

dada_wa_tanga: Kaka hao ni majike wote wawili 😂 Zebra jike haimbi, anaita tu. Dume hata akiwa peke yake utamsikia anarudia kawimbo kake kalekale siku nzima. Wa kijivu wa kawaida huwezi kukosea, dume ana mashavu ya rangi ya chungwa, michirizi kifuani na ubavu wa kahawia wenye madoa meupe, lakini kwa weupe hayo yote yamefutika umebaki na mdomo, dume unakolea wekundu, jike unaelekea chungwa. Weka wako pamoja kwenye mwanga uangalie. Majike wakikosa dume wanaoana wenyewe kwa wenyewe, wanajenga wanataga na kulalia vizuri tu, ila mayai hayana mbegu.

kuku_na_ndege: Si rahisi hiyo, nunua dume mmoja watupie humohumo atawahudumia wote, mbona jogoo anaweza

dada_wa_tanga: Hapana ndugu yangu, huyu si kuku. Zebra anachagua mwenza mmoja anatulia naye, wa pili atafukuzwa kwenye tundu dogo hilo mpaka abaki na upara mgongoni. Au anunue madume wawili kila jozi iwe na tundu lake, au mmoja amhamishe.

mzee_wa_matundu: Naunga mkono. Na tabata, mayai usiyatupe leo, ukitupa wanaanza kutaga upya kesho kutwa na hapo ndipo unapowamaliza, kila ganda ni chokaa inatoka mwilini mwao na wewe unawapa nafaka tupu. Acha walalie mpaka wachoke wenyewe, kisha ondoa kifuu na makumbi yote wapumzike. Wapitie wavuvi uombe ule mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini anayefanana na ngisi, bei yake ni kuokota tu, uubane kwenye waya. Ukikosa, maganda ya mayai ya kuku yachemshe, yakaushe, yasage. Mchicha pia na yai la kuchemsha lililosagwa kidogo, ila lisilale humo maana kwa joto letu linachacha haraka. Ukikuta mmoja amekaa chini ya tundu amefura manyoya mkia unapanda na kushuka, yai limekwama, mtie sehemu yenye joto na utafute daktari wa mifugo, hapo hakuna kusubiri.

tabata_boy: Dah shukrani. Na nikimpata dume wa kijivu? Nataka watoto weupe.

mzee_wa_matundu: Watatoka wa kijivu, labda baba naye awe amebeba damu ya weupe ndani, hapo baadhi watatoka weupe. Bora umri uwe miezi sita kwenda mbele. Akija mweke tundu la pembeni kwanza kama wiki mbili tatu uone hana ugonjwa, waitane wazoeane, ndo uwaunganishe. Wakishatimiza mayai acha kuwapa makumbi, dume ana tabia ya kuendelea kujenga anafukia mayai yote. Baada ya siku tano sita za kulalia unapiga tochi ya simu, lenye mbegu lina mishipa myekundu.

dada_wa_tanga: Na hilo banda jozi mbili usiweke, watapigana wao kwa wao, weka tatu au zaidi, madume sawa na majike. Vifuu viwe vingi kuliko jozi na vyote usawa mmoja, kimoja kikikaa juu kitagombewa. Halafu miguu ya banda itie kwenye makopo ya maji, sisimizi wa uwani wanakula kinda kwenye kiota usiku mmoja tu.

tabata_boy: Nimewaangalia midomo, chungwa wote wawili 😂. Banda kwanza lisubiri. Kama kuna mtu anauza madume wawili wa kijivu aje PM, lakini nije niwasikie wakiimba kabla sijatoa hela.