Tupeane uzoefu: hedifoni moja kwa gemu na muziki wenye besi nzito

Mleta uzi (Dar)

Wakuu, habarini za jioni. Uzi huu ni kwa ajili yetu tunaocheza gemu usiku na kusikiliza singeli, amapiano, dubstep na ndugu zake mchana, halafu mfuko unaruhusu hedifoni moja tu. Naomba kila mtu aeleze kitu alichokitumia mwenyewe. Sema ulikichomeka wapi, besi ikoje, na kwenye gemu adui unamsikia anatokea upande gani.

Naanza mimi. Natumia HyperX Cloud II kwenye kompyuta. Boksi lake lina maandishi makubwa ya 7.1, yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, na wauzaji wengi ndicho wanachokutangulizia. Ndani ya kila upande kuna spika moja tu, ya milimita 53. Hiyo 7.1 ni hesabu inayofanywa na kile kidude cha USB ili ubongo udhani sauti inatoka nyuma au pembeni. Gemu ya Counter-Strike 2 tayari ina hesabu yake ya mwelekeo, kwa hiyo ukiwasha zote mbili zinavurugana. Nikizima 7.1 na kuacha sauti ya kawaida ya pande mbili, najua kabisa mtu yuko ngazi za kushoto. Na muziki ukipita kwenye 7.1, wimbo unasikika kama unapigwa bafuni. Nimeizima na sijaiwasha tena.

Jambo la pili ni ekwalaiza, yaani programu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu kila moja peke yake. Kwenye Windows natumia Equalizer APO pamoja na Peace, zote za bure. Nina mipangilio miwili. Wa muziki unapandisha kila kitu kilicho chini ya Hz 100, yaani besi, kwa desibeli 5, na sauti ya jumla naishusha kwa desibeli 5 hizo hizo ili isipasuke. Hapo kwenye kushusha jumla wengi hupapita, halafu wanalaumu hedifoni kwamba inakoroma. Mpangilio wa gemu hauna nyongeza yoyote ya besi. Sababu ni kwamba sauti nzito hufunika sauti nyembamba zilizo juu yake: bomu likilia au gari likipita, mlio wa hatua unapotea masikioni hata kama spika inautoa. Kwa hiyo anayetaka hedifoni yenye besi iliyojazwa kiwandani ili achezee gemu, afikirie mara mbili. Besi unaweza kuiongeza mwenyewe kwa programu pale unapoitaka. Ile iliyomezwa humo humo ni kazi kuitoa.

Karibuni.

Biti za Uswazi

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi natengeneza singeli, na gemu ni mapumziko. Natumia Audio-Technica ATH-M50x, ohm 38 (kipimo cha ukinzani; ohm zikizidi, kwa kawaida inataka nguvu zaidi kuiendesha), imefungwa nyuma, yaani haimwagi sauti nje.

Niseme kuhusu Bluetooth, maana vijana wanaokuja geto wote wanakuja nayo. Singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua 240: toka pigo moja hadi jingine ni robo sekunde, yaani milisekunde 250. Bluetooth ya kawaida mara nyingi inachelewesha sauti milisekunde 150 hadi 250. Ukipiga kiki, lile pigo zito la ngoma, kwenye kibodi, inafika sikioni wakati pigo la pili linagonga mlango. Huwezi kupanga ngoma namna hiyo.

Kwenye gemu ni kisa kile kile. Mtu atakwambia "mbona nikiangalia muvi haichelewi?" Muvi simu inajua inakokwenda, kwa hiyo inachelewesha picha kidogo ili ifuatane na sauti. Gemu haiwezi, kwa sababu wewe ndiye unayebonyeza sasa hivi. Ukitaka isiyo na waya kwa gemu, chukua zile zinazokuja na kichomeko chake cha USB cha 2.4 GHz. Hizo ucheleweshaji wake ni mdogo kiasi kwamba hautausikia.

Lingine: besi ya singeli lazima isimame haraka. Kuna hedifoni zina besi nyingi lakini kiki ikigonga inaburuza hadi inaikuta ya pili, unabaki na muungurumo mmoja mrefu. Ukienda dukani usijaribishe na wimbo wa taratibu. Weka singeli ya moto, sikiliza kama kila kiki inahesabika.

Binti Unguja

Assalaam alaykum nyote. Nawashukuru kwa maelezo, ila hakuna aliyegusa jambo letu sisi wenye kuvaa mtandio.

Hedifoni kubwa ikikaa juu ya kitambaa, besi inakimbia. Nimezijaribu za kaka yangu. Bila mtandio besi imejaa, nikivaa mtandio inabaki sauti ya juu tu, tena kali. Sponji inatakiwa izibe sikio pande zote, na kitambaa kinaacha upenyo. Mwenye miwani yenye mikono minene inamkuta hii, na hata mwenye rasta nene.

Kwa hiyo mimi natumia eafoni za waya, zile zinazoingia ndani ya sikio na waya unapita juu kwa nyuma. Zinakaa chini ya mtandio bila tabu. Humo bei ni nafuu sana, KZ na Moondrop wanazo za wanyonge kama sisi, na besi yake inaingia mpaka chini kabisa ikiwa mpira umelingana na sikio lako. Hapo kwenye mpira ndipo penye kazi. Zinakuja saizi tatu, na watu wanaacha ile ya kati iliyowekwa kiwandani. Sikio langu la kushoto linataka kubwa na la kulia linataka ya kati. Weka wimbo wenye besi ndefu, halafu bonyeza eafoni taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ulipobonyeza, mpira huo mdogo kwako, badilisha.

Kwenye PUBG Mobile nasikia hatua vizuri sana. Maiki ya kwenye waya inatosha kuzungumza na wenzangu.

Mleta uzi (Dar)

Dada Binti Unguja, ahsante sana. Hilo la kubonyeza kwa kidole linafaa hata kwa hedifoni kubwa: zisukume kidogo zikubane, usikilize besi inabadilika kiasi gani. Sponji zikichakaa na kubabuka, na joto letu hili zinababuka haraka, besi inaondoka nazo. Kabla hujanunua hedifoni mpya, nunua sponji mpya. Cloud II inakuja na pea mbili, za ngozi bandia na za kitambaa laini. Za kitambaa hazitoi jasho lakini besi inapungua. Mimi nimebaki na za ngozi, napangusa jasho kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza.

Mdau wa Arusha

Beyerdynamic DT 770 Pro. Wanatoa za ohm 32, 80 na 250, na kwa macho unaweza kuzichanganya, hivyo soma maandishi. Jamaa wa studio aliniuzia ya 250. Kwenye simu sauti ni ndogo, unapandisha mpaka mwisho bado unatamani. Nilipoichomeka kwenye kadi ya sauti ya USB ndipo nikaelewa watu wanasifia nini: besi ya chini kabisa ipo, inasikika bila kufunika chochote, na mwelekeo kwenye gemu uko wazi kuliko hedifoni nyingi zilizofungwa. Waya ndefu sana, maiki hakuna. Kwa mtu wa simu au pedi ya PlayStation ningemwambia achukue ya 32 au 80.

Sauti Wazi

Mimi nitakwenda kinyume na wengi. Kwa gemu hakuna kinachozidi hedifoni iliyo wazi nyuma. Nina Philips SHP9500, ohm 32, hata simu inaiendesha. Sauti inatawanyika, unasikia umbali, kwamba yule yuko chumba cha pili na yule yuko uwanjani. Kichwa hakichoki, masikio hayatoi jasho.

Sasa nikiweka amapiano, lile gogo la besi linakuja bila uzito wake. Hewa inatokea nyuma, na besi ya chini inapotea nayo. Ekwalaiza inasaidia kidogo, ila ukizidisha spika inaanza kupasuka. Sijali sana, maana kwangu gemu ni robo tatu ya matumizi. Anayeipenda besi kwa moyo wote asije huku.

Biti za Uswazi

Sauti Wazi, nakubaliana nawe kwenye umbali. Ila kaka, nyumba zetu za kupanga, chumba kimoja na wadogo zako wamelala, hedifoni iliyo wazi inamwaga sauti nje, na kelele za nje zinaingia: feni, bodaboda, jirani na redio yake. Ukishapandisha sauti ili kuishinda feni, faida yote imekwisha. Kwa mazingira ya wengi humu, iliyofungwa ndiyo inayotumika kila siku.

Sauti Wazi

Hapo umenena. Mimi nakaa nje kidogo ya mji, kimya kipo.

Fundi wa Mabibo

Nawasoma tu, ngoja niongeze la ufundi. Hedifoni nyingi zinazoletwa mezani kwangu spika zake ni nzima. Kilichokatika ni waya, karibu na pini au pale unapoingia kwenye sikio la kushoto. Ndiyo maana nawaambia wateja: waya unaochomoka ni akiba. ATH-M50x waya wake unachomoka, ukikatika unanunua mwingine, maisha yanaendelea.

Kwa wanaojiungia wenyewe nyumbani: ukimenya utakuta nyuzi nyembamba mno za rangi, mara nyingi kijani au buluu ni kushoto, nyekundu ni kulia, na ile ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Rangi hiyo ni vanishi inayozuia umeme. Ukizisokota na kuzigundisha hivyo hivyo, risasi ya kuungia haishiki na sauti haitoki, mtu anasema hedifoni imekufa. Choma ncha kwa kifaa cha moto cha kuungia chenye risasi mpaka vanishi iungue na nyuzi zing'ae fedha, ndipo uunge. Ukisikia muziki upo lakini mwimbaji amepotea na besi imeliwa, ujue ile ya pamoja haijashika.

Kuhusu feki: mkononi feki ni nyepesi, kibano cha kichwani kinalia ukikipinda, na mishono ya sponji haiko sawa. Nenda na simu yako na wimbo unaoujua. Muuzaji akikukatalia kujaribu, muage kwa heshima.

Mkaazi wa Kisauni, Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Sisi tumelelewa na matatu, besi unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Ndio kisa cha vijana wengi huku kununua hedifoni ghali kisha wakanuna. Hedifoni haitikisi kifua, haitikisi kiti, kwa kuwa inasukuma hewa ya tundu la sikio peke yake. Kijana asiyejua hilo atazidi kupandisha tu akitafuta kile kishindo cha gari, na hatakipata.

Mie nacheza kwa PS5, na hapa nataka kuwatahadharisha: PS5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja. Ama uchomeke waya kwenye pedi, ama upate zenye kichomeko chao cha USB. Nilichomeka eafoni za waya kwenye pedi, nikawasha sauti ya 3D ya mashine yenyewe, na ikanitosha.

Mhudumu wa Masikio

Huyu ndugu wa Kisauni amegusa ninachokiona kazini. Shirika la Afya Duniani linaelekeza sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Besi inahadaa, kwa kuwa haiumizi sikio kwa ukali, mtu anapandisha bila kuona tatizo, na sauti za juu zinapanda nayo. Masikio yakivuma baada ya kuvua hedifoni, sauti ilikuwa kubwa mno, hata kama haikukukera. Iliyofungwa vizuri au eafoni iliyoziba sawasawa inakuwezesha kusikiliza chini na bado besi ukaipata. Wazazi mlio humu, kwenye simu za watoto kuna sehemu ya kuweka kikomo cha sauti, itumieni.

Mgeni wa Morogoro

Nashukuruni wakuu. Nina swali. Simu yangu haina tundu la pini, ina USB-C tu. Nilinunua adapta mtaani, nikichomeka simu inaandika haitambui kifaa. Na nikitumia Bluetooth, nikiwasha maiki kwenye gemu, muziki wote unakuwa kama wa redio mbovu. Nifanyeje?

Fundi wa Mabibo

Mkuu, adapta ziko aina mbili. Moja ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti yenyewe kupitia USB-C, na simu nyingi hazitoi. Nyingine ina kijichipu ndani cha kubadili sauti. Hiyo ndiyo yako. Dukani uliza yenye DAC, ndilo jina la kijichipu hicho, na ujaribu hapo hapo kwa simu yako kabla ya kulipa, maiki pia.

Biti za Uswazi

La Bluetooth si hedifoni yako kuharibika. Maiki ikiwaka, Bluetooth ya kawaida inahamia kwenye mfumo wa kupigia simu, sauti inabanwa ili iende na kurudi. Kama huna adapta bado, zima maiki ya hedifoni na utumie ya simu, gemu nyingine zinaruhusu. Ukishapata yenye DAC, achana na Bluetooth kabisa wakati wa gemu. Hiyo Bluetooth ibakie ya kusikilizia muziki ukiwa njiani.